Nani Anaunga Mkono?

Watu wa Kilby Gap hawakuwa na desturi ya kusema fulani amehama. Walisema fulani amechukua barua yake. Mtu angeweza kufunga nyumba, akapakia kitanda na jokofu, akaenda zake kuishi mbali miaka ishirini. Maadamu barua yake ya ushirika ilikuwa bado katika Kanisa la Baptisti la Hebroni, alihesabiwa mwana wa nyumbani aliyechelewa kurudi. Siku alipopata kanisa lingine, kanisa hilo liliandika kumwombea barua, na washirika wa Hebroni wakakaa kikao. Mmoja alitoa hoja kwamba ndugu huyu apewe barua yake, mwingine akaunga mkono, wakapiga kura, na karani akaandika kitabuni. Hapo ndipo mama yake mtu alipolia.

Karani alikuwa Oneida Gilbreath, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini na mmoja. Sand Mountain, mlima wenye kijiji cha Kilby Gap, umekaa katikati ya miji miwili, Huntsville upande wa machweo na Chattanooga upande wa mawio, kila mmoja mwendo wa saa nzima kwa gari, na yote miwili ina tumbo lisiloshiba. Ilimeza vijana kwanza, kisha wazazi wa vijana, kisha mwenye duka na mhubiri. Wote hao Oneida aliwaandikia barua kwa mkono wake, kwa hati nzuri, akawatakia baraka huku meno ameyauma. Majira ya baridi yaliyopita alipozikwa mzee Hoyt Ledbetter, kitabu kilibaki na majina mawili ya walio hai: Oneida mwenyewe, miaka sabini na tisa, na mdogo wake Eulene, miaka sabini na mitano.

Wote wawili walikuwa wajane, na kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakiishi pamoja katika nyumba ya baba yao. Oneida aliendesha gari, Eulene alipika. Oneida alisema, Eulene aliitikia. Kanisani ilikuwa hivyohivyo: Oneida alitoa hoja, na kabla hajameza mate Eulene alikuwa keshasema, "Naunga mkono." Aliunga mkono rangi ya milango, akaunga mkono mhubiri aliyeitwa na mhubiri aliyefukuzwa. Watu walimtania kwamba siku ya kiama Mola akiuliza nani anaunga mkono, Eulene atawatangulia malaika. Yeye alicheka tu na kuwaongezea mkate wa mahindi. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoa hoja hata moja.

Mwaka huo mambo mawili yaliwafika. Ukungu uliingia katikati ya macho ya Oneida, ikawa kitu anachokikazia macho kinapotea, na kile anachokitazama kwa upande ndicho anachokiona. Denton, mwanawe, akachukua ufunguo wa gari. Kisha mwezi wa tatu Eulene alianguka kwenye ngazi za barazani, nyonga ikateguka, akalala pale chini huku dada yake akipapasa meza nzima kutafuta simu. Baada ya hapo watoto walisema basi, imetosha. Denton aliishi Huntsville na alikuwa na chumba kimoja cha chini. Rhonda, binti wa Eulene, aliishi Chattanooga, naye alikuwa na chumba kilichotazama bustani. Kila mmoja angemchukua mama yake. Hakuna aliyetamka kwamba dada hao wangetenganishwa. Walisema, "Mtapumzika sasa."

Oneida hakutaka kutengana na mdogo wake. Wazo hilo lilimfuata asubuhi akivaa viatu na jioni akila. Lakini tangu utotoni alikuwa mkubwa, na mkubwa kwa akili yake haombi. Alingoja Eulene aseme, "Siendi bila wewe, Dada." Alingoja mwezi wa nne wote. Eulene alikunja vitambaa, akamwagilia mimea, akanyamaza. Wahenga husema penye wazee haliharibiki neno. Hawakuwajua hawa wawili.

Jumapili ya Maua iliangukia mwezi wa tano kama kawaida. Siku hiyo waliochukua barua wote hurudi, husafisha makaburi ya wazee wao, huweka maua, kisha hula pamoja kwenye meza ndefu za saruji nyuma ya kanisa. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mayai yaliyojazwa, saladi ya viazi ya aina saba ambazo kila mpishi aliapa ni moja tu iliyo sahihi, na pudini ya ndizi ya Eulene katika bakuli la bluu. Na kama kila mwaka, watu wa Huntsville walikaa upande huu na wa Chattanooga upande ule, na ubishi ukaanza kabla ya mifupa ya kuku kupoa.

"Sisi bwana tumepeleka watu mwezini," Denton alisema akifuta vidole. Alikuwa fundi wa roketi, na hakuruhusu mtu asahau. "Nyie Chattanooga mmempeleka nani wapi?"

"Tumewapeleka mtoni, wakarudi wazima na samaki," Rhonda akajibu, na meza ikacheka.

"Mto gani, Rhonda? Si huohuo unaopita na kwetu?"

"Unapita kwenu tukishauoga sisi! Nyie mnakunywa maji ya miguu yetu, na bado mnajisifu."

"Afadhali hayo kuliko ile foleni yenu pale kona ya mlima. Magari yanasimama mpaka watu wanachumbiana."

"Na kwenu je? Kila nikija zimeota nyumba mia nyingine kama uyoga. Mtu anatoka kununua mkate, akirudi hajui mlango wake ni upi. Hebu niambie, Denton, miaka ishirini na miwili uko pale. Jirani yako anaitwa nani?"

Denton alikohoa. Akatazama kuku.

"Namjua mbwa wake," alisema, na upande wa Chattanooga wakapiga meza kwa furaha.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na Oneida alikuwa mama. Hakupenda kumwona mwanawe akichekwa mbele ya makaburi ya babu zake. Akanyanyua kidevu.

"Chekeni," alisema. "Huntsville kuna madaktari wa macho kila kona. Kuna maduka, kuna barabara pana, kuna watu waliosoma. Ningeambiwa nichague kati ya miji hii miwili, nisingefikiri mara mbili."

Alikuwa amefika Huntsville mara nne katika maisha yake, na mara zote nne alirudi kichwa kikimgonga. Lakini alishasema, na upande wa Huntsville walimpigia makofi, na makofi ni matamu.

Eulene alikuwa akigawa pudini. Kijiko kilisimama hewani.

"Kweli unapapenda, Dada?"

"Nani asiyependa mji unaokua?"

"Basi," Eulene alisema polepole. "Basi hilo ni jema." Akarudisha kijiko, akafunika bakuli la bluu kwa kitambaa, ingawa nusu ya watu walikuwa hawajapata.

Oneida alimwona kwa pembe ya jicho akifunika pudini ile. Akadhani nyonga imeanza kumuuma.

Mwezi wa sita ilikuja barua kutoka kanisa la Rhonda la Chattanooga, ikimwombea Eulene ushirika. Ndugu Purcell, mhubiri wa kuazima aliyepanda mlimani Jumapili ya pili ya kila mwezi, aliitisha kikao baada ya ibada. Yeye hakuwa mshirika wa Hebroni na hakuwa na kura. Alikaa mbele, akakunja mikono, akawatazama akina mama wawili waliokuwa mkutano mzima: Oneida kwenye meza ya karani na Eulene kwenye benchi la tatu karibu na dirisha, mahali alipokaa tangu miguu yake haijafika chini.

"Dada Oneida," alisema, "hatuwezi kuyaweka haya mpaka mwezi ujao? Tukaombee kidogo?"

"Tumeshaomba," Oneida alisema. Alisimama na karatasi. Hakuhitaji kuisoma. Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi kuliko jina la marehemu mumewe. "Natoa hoja kwamba Dada Eulene Tidmore apewe barua yake, kwa upendo na baraka zote, aende akaungane na kanisa la Chattanooga."

Akangoja sauti ile inayokuja kabla hujameza mate.

Haikuja. Nje gari la kubeba kuku lilipita likishuka mlima, kelele zake zikafika, zikaisha. Oneida alijua vizuri alichokuwa akikitamani. Alitamani kwamba kwa mara moja katika miaka sabini na mitano mdogo wake agome. Aseme hapana. Akaweka mkono juu ya kitabu.

"Nani anaunga mkono?" aliuliza, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka.

"Naunga mkono," Eulene akasema.

Walipiga kura, wawili wao. Ndugu Purcell alitoa kitambaa akajifuta uso. "Na yako, Dada Oneida?" aliuliza. "Tusiimalize hapahapa?"

"Yangu haina haraka," Oneida alisema. "Kanisa la Denton bado halijaniandikia." Akaandika kitabuni kwa herufi kubwa, shingo ameipinda upande ili aone, na kwa machozi yaliyomwagika aliyalaumu macho yake mabovu. Kinyozi hajinyoi, lakini siku ile hakulifikiria hilo. Alifikiria tu kwamba mdogo wake amekubali kumwacha, tena kwa kura.

Rhonda alikuja kumchukua mama yake wiki iliyofuata. Eulene aliondoka na mifuko miwili, cherehani, na bakuli la bluu. Kwenye ngazi za barazani walikumbatiana kwa haraka, kama watu wanaoenda sokoni.

"Utazoea," Oneida alimwambia.

"Na wewe utafurahi kule, Dada," Eulene alisema, na akampangusia kola ya nguo ingawa haikuwa na kitu.

Denton alimshusha Oneida kutoka mlimani mwezi wa saba. Chumba chake kilitazama uwanja wa kuegesha magari. Nyumba za mtaa ule zilifanana mpaka Denton alifunga utepe mwekundu kwenye nguzo ya kibaraza ili mama yake akitoka asipotee. Denton na mkewe walikuwa watu wema, na kutwa nzima walikuwa kazini. Oneida alikaa kitini akisikiliza mashine zinazojenga nyumba nyingine kama hiyo mtaa wa pili.

Kila asubuhi saa tatu simu ililia. Chattanooga wako mbele kwa saa moja, na hilo lilimuudhi Oneida kupita kiasi. Walilala kitanda kimoja utotoni, sasa hata saa hawakuwa nayo moja.

"Huko kwenu saa ngapi?" Eulene aliuliza kila siku, ingawa alijua.

"Tatu. Kwenu nne. Umeshaishi saa ambayo mimi sijaifikia. Kuna habari gani huko mbele?"

"Hakuna kipya. Rhonda alinipeleka kwenye lile daraja la watembea kwa miguu. Pazuri mno, Dada. Watu na mbwa wao, na mto unapita chini."

"Na sisi jana tulikwenda kwenye bustani moja hivi, ukiiona utasahau jina lako," Oneida alisema. Hakuwa ametoka nje kwa siku sita.

"Nafurahi. Unakula?"

"Nakula kama farasi. Na wewe umepata marafiki?"

"Wengi, wengi," Eulene alisema. Kisha kila mmoja alimsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka mmoja akasema haya, kesho basi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tarehe kumi na mbili mwezi wa tisa simu haikulia saa tatu. Ililia saa tatu na nusu, na sauti ilikuwa ya Rhonda. Mama yake alikuwa ameketi mezani na kikombe cha kahawa, akaomba apewe simu apige kwa Dada, na kabla Rhonda hajamfikishia, kichwa kilikuwa kimelala juu ya meza. Daktari alisema ni kiharusi, kwamba hakuteseka. Oneida aliishikilia simu muda mrefu baada ya Rhonda kukata. Alisema "Eulene" mara kadhaa, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Walimrudisha Hebroni. Kwa hilo miji yote miwili ilikubaliana bila ubishi: mtu wa Kilby Gap huzikwa Kilby Gap, barua yake iwe popote. Ndugu Purcell aliomba kwa kifupi. Wa Huntsville na wa Chattanooga walisimama wamechanganyika, na hakuna aliyemtania mwenzake. Walipomaliza kuweka maua watu walielekea kwenye chakula, na Rhonda akamshika Oneida mkono kumsaidia kupita kati ya makaburi.

"Mama mkubwa," alisema, "nataka kukuuliza kitu, usinichukie. Kile kitanda cha pili nikifanyeje?"

"Kitanda gani?"

"Chako." Rhonda alisimama. "Mama aliniambia mwezi wa nne ninunue viwili. Kimoja cha dirishani, cha kwako, eti ukilala mbali na dirisha unakohoa. Tukavipanga. Alikuwa anangoja Jumapili ya Maua ipite akuambie. Kisha jioni ileile akanipigia, akasema nisikutajie kabisa. Akasema, 'Dada ameipenda Huntsville, amesema mbele ya watu wote. Tusimtie majaribuni.'"

 Oneida alimkazia macho Rhonda usoni, na uso ukapotea katika ukungu.

"Kwa nini hamkukiondoa?" aliuliza mwishowe.

"Alikataa. Kila Jumatatu alikibadilisha shuka." Rhonda alianza kulia. "Nilimwambia, Mama, si umuulize tu? Akasema, 'Yeye ndiye hutoa hoja, mwanangu. Akiitoa nitaunga mkono kabla hajafunga mdomo.'"

Mtu akichomwa kisu huhisi baridi kwanza, ndivyo wanavyosema waliochomwa, na Oneida alihisi baridi hiyo katika jua la mchana. Aliona aibu kuliko huzuni. Alikumbuka kidevu chake kilivyonyanyuka, na makofi yale, na kitambaa kikifunika pudini. Neno moja tu lilikuwa limehitajika, na neno hilo lilikuwa kinywani mwake mwezi mzima, na badala yake alitoa sifa za mji ambamo hakumjua hata jirani mmoja. Alimpapasa Rhonda shavu, akamwambia aende akale.

Denton alimkuta anapanda ngazi za kanisa, mkono mmoja ukutani.

"Mama, unakwenda wapi? Watu wanakungoja mezani."

"Kuna shughuli ya kanisa."

"Mama, kanisa hili halina mtu tena."

"Nina kitabu bado," Oneida alisema. "Kaa hapo nje, mwanangu. Wewe barua yako ulishachukua."

Ndani kulinuka vumbi na vitabu vya nyimbo. Alifika kwenye meza ya karani kwa kuhesabu mabenchi, akavuta kiti, akafungua kitabu kwenye utepe wa alama. Aliandika tarehe kwa herufi kubwa, shingo upande. Kisha akasimama, kwa sababu hoja hutolewa mtu akiwa amesimama, akanyoosha nguo yake nyeusi.

"Natoa hoja," alisema, "kwamba Dada Oneida Gilbreath apewe barua yake, aende Chattanooga na mdogo wake."

Sauti ilifika mpaka mlangoni, ikarudi. Ndipo alipoelewa kosa lake la mwezi wa sita: alikuwa amempa barua mtu wa pekee aliyebaki wa kumuunga mkono. Hata hivyo kanuni ni kanuni, na lazima uulize.

"Nani anaunga mkono?"

Alilikazia macho benchi la tatu, karibu na dirisha. Kwa kuwa alilitazama moja kwa moja aliona ukungu tu, na katika ukungu ule palikuwa na nafasi ya kutosha ya mtu mfupi aliyekaa mikono mapajani. Alimngoja mtu huyo. Alimngoja kuliko alivyowahi kumngoja mtu yeyote kanisani mle. Kisha akageuza shingo kidogo, kama macho yake yalivyomlazimu siku hizi, na akaona benchi lilivyo.

Akakaa, akashika kalamu. Kwa miaka arobaini na mmoja hakuwahi kuandika maneno haya katika kitabu cha Hebroni, na ilimbidi afikiri yanavyoandikwa.

Hoja imeanguka, kwa kukosa wa kuiunga mkono.